Tundu la Upande wa Kulia

Daktari Erinayo ni mwongo. Nalisema hapa mwanzoni ili asije mtu akaniambia baadaye kwamba nilizungukazunguka. Ni mwongo mwenye miwani ya bei na kalamu mbili mfukoni. Mimi Kahambu, fundi wa kushona wa Namuwongo, mkimbizi mwenye karatasi inayosema nisubiri karatasi, nimemwambia hivyo usoni mbele ya polisi. Na mimi pia nina langu. Nitalisema, msinikimbize.

Kazi yangu ya kila siku ni cherehani: magauni ya harusi, sare za shule, suruali za wanafunzi wanaoshuka kutoka Wandegeya kwa sababu huku kwetu bei ni nafuu. Kazi yangu nyingine haina kibao mlangoni. Mkongomani wa kanisa letu akifa Kampala, wananiita mimi, Mama Guerschom. Mimi ndiye ninayemwosha na kumvisha. Kwetu maiti haoshwi na kundi la watu. Wafiwa wanachagua mtu mmoja, na huyo mmoja akitoka mle ndani hasemi alichokiona. Kama marehemu alikuwa na kovu, kama alikuwa na ugonjwa wa siri, yanabaki hukohuko.

Na kama ana jeraha, mimi nalishona. Hilo nilianza kule Beni, miaka ya mapanga, watoto walipokuwa wanaletwa kuwaaga wazazi wao na hakuna mtu aliyethubutu kuwafunulia shuka. Nilishona watu wengi, sitaki kukumbuka wangapi. Nikaapa kwamba mtu aliyepita mikononi mwangu haendi kaburini akiwa wazi. Sikumwomba daktari ruhusa wakati ule, maana madaktari walishakimbia.

Sasa Mheshimiwa Mumbere. Alikuwa mbunge kule kwetu, akagombana na wakubwa, akakimbilia huku na kukaa katika gorofa moja ya Bugolobi na mkewe Darlène. Miaka sita alikuwa akiwasema wakubwa wale kwa simu na kwa redio za mtandaoni, wao wanacheka. Mwaka huu akatangaza kwamba anarudi kugombea, na kicheko kikaisha. Dereva wake alikuwa mwanangu Guerschom, miaka ishirini na minne, mtoto pekee niliyebaki naye.

Jumatatu, saa kumi na moja jioni, gari lilipunguza mwendo pale reli inapokata barabara ya viwandani. Mheshimiwa alikaa kiti cha nyuma, kushoto, kama wakubwa wanavyokaa. Bodaboda yenye watu wawili ikaja upande wa kushoto. Yule wa nyuma akapiga risasi moja kupitia kioo, wakaondoka. Guerschom alipiga honi mpaka hospitali, lakini hakufika na mtu hai. Ndivyo alivyonisimulia mwenyewe usiku ule, meno yanagongana. Nilimwamini. Nimemzaa mimi, najua akisema uongo mkono wake unakwenda wapi. Unakwenda sikioni, anajikuna. Usiku ule mikono yake ilikuwa magotini.

Jumanne asubuhi Darlène akanipigia. Tulikuwa tunaimba kwaya moja, yeye na mimi. Akasema, "Mama Guerschom, nimekuchagua wewe. Kesho watu wanakuja kumuaga, mtengeneze." Saa tano nilikuwa mochwari na suti ya Mheshimiwa mkononi. Mhudumu wa pale, Wahabi, akanifungulia. Nikamuuliza kama daktari ameshamtazama, maana mtu wa risasi haguswi kabla ya daktari. Hilo ninalijua, mimi si mtoto. Akaniambia, "Daktari amemaliza, mama. Visheni mtu wenu." Akaenda kunywa chai.

Nikaona kifuani hakuna kitu. Nimevisha maiti waliopasuliwa, nawajua vizuri. Wanashonwa kutoka shingoni mpaka chini ya kitovu, mishono mikubwa ya kufungia gunia la mkaa, inatia hasira kuitazama. Mheshimiwa alikuwa mzima kifuani. Nikasema, basi Mungu amemhurumia, hawakumpasua. Mjinga mimi! Ningejiuliza swali moja tu pale, mwanangu asingelala rumande.

Majeraha yalikuwa mawili. Upande wa kushoto, chini ya kwapa, palikuwa na tundu dogo linaloweza kuzibwa na ncha ya kidole cha mwisho. Lakini kioo kilipovunjika kilimkatakata pande zote za tundu lile, na nyama imechanika vipande ambavyo havishiki sindano. Pale niliweka pamba na plasta, basi. Upande wa kulia, mbavuni, ndipo palipokuwa pabaya. Ungeweza kuingiza kiganja cha mtoto. Risasi ndivyo ilivyo, inaingia kwa adabu na kutoka kwa matusi. Yeyote aliyetoka Beni anajua hilo bila kusomea.

Pale kulia nilikaa saa nzima. Nilitumia uzi wa kahawia na mshono ninaofungia bitana ya koti, ule unaopita ndani kwa ndani, uzi usionekane. Nikavuta taratibu, kingo zikakutana, isipokuwa katikati ambapo ngozi haikutosha. Pakabaki kitundu kidogo cha duara. Nikapaka poda, nikamvisha suti. Kesho yake Darlène alimkumbatia mumewe mbele ya kanisa zima bila kufumba macho. Nilijisifu moyoni, sifichi.

Baada ya kuagwa alirudishwa kwenye baridi, kwa sababu Darlène alitaka kumzika Butembo, na kule wakubwa wakakataa kutoa kibali. Hata mfu wanamwogopa.

Alhamisi wakamchukua Guerschom. Afande Obwona alikuja na watu wanne, wakamvuta mpaka bega la shati likachanika. "Mama, kijana yako nauwa mkubwa yake," akaniambia kwa kile Kiswahili chao cha kambini. Nikamwambia ana wazimu. Akasema, "Daktari naandika yote. Ngoja korti."

Nikangoja. Wateja hawakungoja. Walikuja mmojammoja kuchukua vitambaa vyao, vingine nimeshavikata, wanasema wamebadili mawazo. Mtu akaniandikia mlangoni kwa mkaa, MAMA WA MUUAJI. Kwenye kwaya nikisimama, mstari unasogea kando kama nina upele. Darlène hakunisalimia tena. Siku moja tulikutana sokoni, akatema mate karibu na mguu wangu, na wanawake waliokuwa naye wakaitikia "Amina". Haya, Wakristo wenzangu hao.

Wiki ya tatu tukaenda mahakamani kuomba dhamana. Wakili wetu ni Aber, Mwacholi, binti wa askari, amekulia kambini na Kiswahili chake hakina haya. Mwendesha mashtaka akasimama kupinga. Akasoma ripoti ya Daktari Erinayo, na mkalimani akatutafsiria. Uchunguzi ulifanyika Jumanne, saa mbili asubuhi. Kifua kilifunguliwa. Moyo ulipimwa, gramu mia tatu na arobaini. Tumboni wali na maharage. Upande wa kulia tundu dogo la duara lenye kingo safi, ndimo risasi ilimoingilia. Upande wa kushoto jeraha pana lililochanika, ndimo ilimotokea na kuvunja kioo. Kwa hiyo aliyepiga alikuwa ndani ya gari, upande wa kulia. Kwa hiyo dereva aligeuka akampiga.

Ala! Nilisimama. Askari akaniambia kaa, nikakaa. Kwanza niliwaka hasira, kwamba mtu mzima aliyesoma anaweza kuupima moyo ambao hakuugusa. Halafu nikaelewa jambo jingine. Lile tundu dogo lenye kingo safi upande wa kulia, Mungu hakuliumba na risasi haikulitoboa. Nililishona mimi. Saa mbili asubuhi ya Jumanne lilikuwa bado halijazaliwa. Daktari alimtazama baada yangu, dakika chache, pengine Alhamisi walipotaka karatasi ya kumkamatia mtu. Akafunua shati, akaona kazi ya sindano yangu, akaiita tundu la risasi, akarudisha tarehe nyuma. Sindano yangu ndiyo iliyomweka mwanangu kizimbani.

Guerschom alinitazama akiwa kule mbele, shati lile lile, bega nje. Jaji akakataa dhamana. Nilimpungia mwanangu mkono.

Nje, Aber akanivuta pembeni. "Mama Guerschom, ulimvisha wewe. Uliona nini?" Na mimi, mama mzazi, nikamwambia nusu. Nikamwambia kifua hakikupasuliwa. Macho yakamtoka, akaanza kuandika mbio. "Hii inatosha kuitupa ripoti yote," akasema. Neno lile "inatosha" nikalishika kwa mikono miwili. Kama inatosha, sindano ya nini tena?

Mtaniuliza kwa nini. Nilikuwa na sababu nyingi nzuri. Kugusa ushahidi ni jela, na mkimbizi akitoka jela anarudishwa kwao, na kwetu wapo waliomtuma yule wa bodaboda. Tena nilikuwa na kiapo cha kutosema ninachokiona. Hizo ndizo nilizojiambia kitandani. Sababu ya kweli ni kwamba sikutaka Guerschom ajue. Sikutaka mtoto akae rumande huku akijua ni mama yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilishazaa, na bado nikaficha.

Aber akahangaika. Aliomba kuliona gari, akakuta limeoshwa na mlango wa nyuma wa kulia, ule ambao risasi ilibaki ndani yake kwa maneno ya Guerschom, umebadilishwa. Aliomba nguo alizopigwa nazo Mheshimiwa, akaambiwa zilichomwa moto kwa ajili ya usafi. Kilichobaki ni mwili. Wiki ya saba jaji akatoa amri: maiti atazamwe tena mbele ya pande zote mbili, na daktari wa kutoka nje awepo. Darlène akapeleka pingamizi lake, jaji akamsikiliza: kutazama ruhusa, kukata hapana. "Amekatwa vya kutosha," Darlène alisema.

Basi tukakutana mochwari Jumatano asubuhi. Darlène na nguo nyeusi, hanitazami. Afande Obwona na daftari. Aber. Daktari Lakica, mama mmoja mtulivu aliyeletwa na Aber kutoka kaskazini. Na Daktari Erinayo, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Aber alimsalimia kwa Kiswahili ili sote tusikie.

"Kiswahili ni lugha ya askari na wezi," akasema Daktari Erinayo. "Lakini nitasema, ili huyu mama asisingizie kwamba hakuelewa."

"Basi leo umefika nyumbani, daktari," nikamwambia. Obwona alikohoa kuficha kicheko.

Wahabi akavuta droo. Hakuniangalia hata kidogo alipokuwa anafungua vifungo vya shati nilivyovifunga mimi. Kifua kikaonekana. Kizima. Kimekauka kwa baridi, lakini kizima, bila mshono wala alama. Hata Obwona alisogea kuangalia.

"Daktari," Aber akasema, "moyo uliupimaje?"

Daktari Erinayo akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ni kosa la chapa. Karani alitumia fomu ya maiti mwingine."

"Na wali na maharage?"

"Ni ya yule mwingine."

Nikacheka kwa sauti. Nyooo! Maiti mwingine alikula, wetu akaandikiwa. Nilidhani tumeshinda, na roho yangu ikasema, unaona, Kahambu, hukuhitaji kusema. Lakini yule mtu alikuwa amejiandaa. Akavaa glavu, akanyoosha kidole.

"Kosa la karani haribadilishi kitu," akasema, l na r zinampotea. "Majeraha ni haya, mtu yeyote ayaone. Kulia, tundu dogo. Kushoto, kubwa, limechanika. Lisasi iliingilia huku, ikatokea kule. Nililitazama jeraha hili kwa lenzi mimi mwenyewe, Jumanne saa mbili, kabla halijaguswa na mtu."

Daktari Lakica akainama. Akatazama kulia, akaenda kushoto, akainua ukingo wa plasta, akarudi kulia, muda mrefu. Mwisho akanyooka na kumwambia Aber kwa upole, "Ngozi imekauka sana. Bila kukata siwezi kuapa. Lakini kwa kutazama tu, nikiulizwa mahakamani, itabidi niseme kulia ni dogo na kushoto ni kubwa. Siwezi kumpinga."

Obwona akafunga daftari. Daktari Erinayo akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Aber alikuwa ananitazama mimi. Sijui kwa nini mimi. Labda uso wangu ulikuwa unasema.

Nilifikiria jela. Nilifikiria mpaka. Halafu nikamwona Guerschom kizimbani, bega nje, na nikajua kwamba droo ile ikifungwa, imefungwa na yeye ndani.

"Hilo tundu ni langu," nikasema.

Hakuna aliyeelewa. "Mama, wewe nasema nini?" Obwona akauliza.

"Nasema hilo tundu nimelitengeneza mimi. Lilikuwa jeraha la kiganja kizima. Nililishona Jumanne, saa tano mpaka saa sita, kwa mshono wa bitana. Ndiyo maana ni dogo. Huyu daktari hakuona jeraha. Ameona kazi ya fundi."

"Mshono gani?" Daktari Erinayo akapaza sauti. "Hakuna mshono pale! Nimekwambia nilitazama kwa lenzi. Hakuna uzi!"

"Andika hiyo, afande," Aber akasema haraka. "Daktari anasema hakuna uzi. Andika na saa."

Obwona akaandika, polepole. Halafu akanigeukia, na safari hii hakupaza sauti. "Mama, sikia. Ukisema hii maneno, mimi nakamata wewe. Kuharibu ushahidi, iko jela. Fikiri."

"Nimefikiri wiki nne, afande. Nimechoka kufikiri."

Hapo Darlène akanijia. Sikuuona mkono, niliusikia tu shavuni. "Ulimtia sindano mume wangu? Mimi nilikupa umvishe, wewe ukamshona kama nguo? Halafu ukanyamaza? Mchawi wewe, mama wa muuaji!" Aber alitaka kumshika, nikamzuia. Kofi lile lilikuwa la haki yake. Lakini na mimi nina mdomo.

"Nilimfunga ili umkumbatie," nikamwambia. "Ulimkumbatia. Ulimbusu mbele ya kanisa zima, na watu wakasema amelala tu. Ulifikiri risasi inamwacha mtu hivyo? Sasa sikiliza, Mama. Wewe umekataa akatwe, na mimi sitakata nyama yake hata kidogo. Nitakata uzi wangu. Nilichofunga nifungue. Kama chini yake hakuna jeraha kubwa, nipelekeni mimi na mwanangu mkatunyonge pamoja, na wewe uje na kwaya. Lakini kama lipo, waliomuua mumeo wanakunywa bia mahali fulani, na wewe unawasaidia."

Alisimama anahema. Alimtazama Mheshimiwa, akamtazama Daktari Erinayo ambaye alikuwa anasema jambo kuhusu utaratibu na amri ya jaji. Nadhani ni huko kusema kwake kulikomponza. Mtu mwenye uhakika angesema fungueni.

"Fungua," Darlène akasema.

Daktari Lakica akanipa mkasi mdogo na koleo. Sikuhitaji kutafuta. Fundo langu huwa nalificha juu, ndani, upande wa moyo, kila mara hapohapo. Nikaingiza ncha, nikakata, nikavuta. Uzi wa kahawia ukatoka mzima, urefu wa mkono wangu. Nikauweka juu ya daftari la Obwona. "Huu hapa," nikasema, "uzi ambao haupo."

Kisha jeraha likafunguka lenyewe, taratibu, mpaka likawa kama nilivyolikuta. Darlène akaziba mdomo. Daktari Lakica akainama na taa yake. "Ubavu umevunjika kuelekea nje," akasema. "Risasi ilitokea hapa." Akazunguka kushoto, akabandua plasta yangu na pamba, akachokoa kwa koleo, akatoa punje tatu za kioo kutoka ndani kabisa ya lile tundu dogo. Akaziweka kiganjani na kutuonyesha. "Kioo kiliingia pamoja na risasi. Aliyepiga alikuwa nje ya gari, upande wa kushoto."

Yaani mwanangu alisema hivyohivyo tangu Jumatatu ya kwanza.

"Kwa hiyo, daktari," Aber akasema, "tundu uliloliona saa mbili lilishonwa saa tano. Ulimtazama lini?"

Daktari Erinayo akavua miwani, akaanza kuifuta tena. Ndipo nilipomwambia. "Wewe ni mwongo. Umekula kiapo cha kuwasemea wasioweza kusema, ukawasemea waliowanyamazisha. Nani alikwambia uandike?" Alimtazama Obwona. Obwona alitazama ukuta. Mpaka leo hilo halijajibiwa, na sina hakika kama litajibiwa. Watu wa bodaboda ile wana mkono mrefu.

Darlène akanigusa kiwiko. "Mfunge tena," akasema kwa sauti ndogo. "Tafadhali, mfunge."

"Hapana," Daktari Lakica akasema. "Sasa ni ushahidi. Hafungwi mpaka jaji aone picha."

Wakairudisha droo. Ni mtu wa kwanza kupita mikononi mwangu nikamwacha wazi. Darlène alilia ukutani. Obwona aliniruhusu kunawa mikono, tena akanishikia sabuni, halafu akanitia pingu.

Siku ya tano waliniambia nina mgeni. Nilikuwa bado mahabusu ya kituo, kesi yangu haijasomwa. Nikatoka mbio, karibu nianguke. Alikuwa Guerschom, nje ya wavu, amekonda, nywele zimenyolewa vibaya. Jaji amempa dhamana, na Aber anasema mashtaka yatafutwa. Nililia, nikamsifu Mungu kwa Kinande, Kiswahili na Kifaransa, askari wakacheka. Yeye alikuwa ameshika mkate na kipande cha sabuni.

"Wakili amenieleza," akasema. "Kuhusu sindano."

"Sikujua, mwanangu. Wahabi aliniambia daktari amemaliza. Nilimshona kama ninavyowashona wote. Ningejuaje?"

"Hilo nimelielewa, mama. Hilo silo ninalouliza." Akasogea karibu na wavu. "Ulijua tangu lini kwamba ni hilo tundu?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimelitengeneza usiku, zuri kabisa: nimekumbuka palepale mochwari, nilipoona. Nikafungua mdomo, na mkono wangu ukaenda sikioni. Nilikuwa nimeanza kujikuna kabla sijatambua. Guerschom akauangalia mkono ule. Kumbe na yeye ananijua.

Nikaushusha. "Tangu siku ripoti iliposomwa," nikasema.

"Siku ile uliyonipungia mkono."

"Ndiyo."

"Wiki nne."

"Wiki nne."

Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele, angenitukana ningejua cha kufanya, matusi nayaweza. Akasema tu kwamba katika wiki zile nne walikuwa watu sitini kwenye chumba kimoja, na kwamba kila usiku alikuwa anajirudia moyoni, mama yangu anahangaika huko nje, mama yangu halali. Akasema maneno hayo ndiyo yaliyomshikilia.

Alikuwa amevaa shati lile lile, bega limechanika mpaka karibu na kola. Nikaona siwezi kulitazama. "Njoo karibu," nikamwambia. "Au vua uniachie. Nikitoka watanirudishia sindano zangu, nitalishona hilo bega lisionekane kabisa."

"Hapana, mama," akasema. "Acha wazi."

Akampa askari mkate na sabuni, akaandika jina lake kwenye kitabu cha wageni. Nikamtazama anavuka ua, bega nje, mpaka askari akanirudisha ndani.